Hivi Waingereza walitoa wapi mvua ya paka na mbwa?

#1 Kalamu ya Risasi
Wakuu habari. Naomba kuuliza, na msinicheke.

Binti yangu wa darasa la sita kaleta daftari la Kiingereza, insha ya mvua. Sentensi ya kwanza tu: "It was raining cats and dogs." Mwalimu kaipigia vema kubwa nyekundu, pembeni kaandika pongezi. Nikamuuliza mtoto maana yake, akajibu bila kusita: mvua kubwa. Haya, kwa nini paka na mbwa, kwa nini si mbuzi na kuku? "Baba, ndivyo inavyosemwa." Na mimi niliikariri hivyo hivyo shuleni, sikuwahi kumuuliza mtu.

Nimeitupia kwenye grupu la wazazi, mmoja kaleta maelezo marefu. Ati zamani Uingereza nyumba zilikuwa za nyasi, baridi ikizidi paka na mbwa wanapanda kujilaza kwenye paa, mvua ikinyesha nyasi zinateleza, wanaporomoka mpaka kitandani kwa mwenye nyumba. Ndiyo asili yenyewe au tumepigwa?

#2 Chumvi Mbichi
Ndiyo yenyewe mkuu. Hata mimi nilisimuliwa hivyo. Funga uzi.

#3 Fundi Mapaa
Usifunge. Mimi nala kwa kuezeka, Bagamoyo mpaka Kilwa, nyasi, makuti na mabati.

Paa la nyasi au makuti lililofanywa na fundi wa kweli lina mwinamo mkali. Maji hayazami ndani, yanateremka juu juu, tabaka hadi tabaka, mpaka yanadondokea nje ya ukuta. Mnyama aliyejibanza ndani ya paa yuko pakavu kuliko wewe uliyelala chini. Ili ateleze ni lazima awe kalala nje, mgongoni mwa paa, mvua inampiga. Paka gani mwenye akili zake atafanya hivyo?

Paka kwenye paa nimewakuta sana, wanafuata panya. Panya ndio wenye nyumba. Ule mti tunaoulaza juu ya ukuta kupokea makombamoyo unaitwa mtambaapanya tangu enzi za mababu. Hakuna aliyeuita mtambaambwa. Mbwa anapandaje huko juu, kwa ngazi?

#4 Mwana wa Amu
Mtambaambwa! Nimecheka hadi chai imenipalia. Huku Lamu ingekuwa mvua ya paka na punda, mbwa utamtafuta kwa tochi.

#5 Daftari la Zamani
Maelezo aliyoletewa mleta uzi yana historia yake. Yalikuwa kwenye barua pepe iliyozagaa mwaka 1999, ikijidai kueleza maisha ya Waingereza wa miaka ya 1500. Humo utakuta watu waliogea mara moja kwa mwaka na ndiyo maana bibi harusi anashika maua, utakuta maiti waliofungiwa kengele kaburini wasije wakazikwa hai, na utakuta hao paka na mbwa wa kwenye nyasi. Wanahistoria waliipitia mstari kwa mstari na sehemu kubwa ni chai tupu. Zamani ilitembea kwa barua pepe, leo inatembea kwenye grupu la wazazi.

#6 Mzuka wa Mwembeni
Mnahangaika bure. Asili ni Odin, mungu wa watu wa Skandinavia. Alikuwa mungu wa dhoruba na alitembea na mbwa wake. Paka ni wa wachawi, wachawi walikuwa wakipanda upepo. Mbwa ni upepo, paka ni mvua. Vikiungana ndiyo hiyo. Waingereza walitawaliwa na hao jamaa miaka mingi, wakaachiwa na msemo.

#7 Daftari la Zamani
Mkuu Mzuka, hao wa Odin hawakuwa mbwa, ni mbwamwitu, wanaitwa Geri na Freki. Paka kwenye hadithi hizo wapo, ila wanavuta gari la Freyja, mungu wao wa kike, na hawahusiki na mvua. Kingine, Wadenmaki waliitawala Uingereza kabla ya mwaka 1066. Msemo huu unaanza kuonekana kwenye maandishi katikati ya miaka ya 1600. Ulijificha wapi miaka mia sita?

#8 Mzuka wa Mwembeni
Midomoni mwa watu. Si kila kitu kinaandikwa, mkuu. Bibi yako alikuwa na misemo mingapi ambayo haimo kwenye kitabu chochote?

#9 Maji ya Jangwani
Hapo kwa bibi kapiga. Lakini mimi nina maelezo mengine, ya mtaroni.

Jonathan Swift, yule Muayalandi, mwaka 1710 alichapisha shairi gazetini kuhusu mvua ya mjini London. Mwisho wa shairi mitaro inafurika na kila uchafu unatoka ulikokuwa umelala: matumbo na damu kutoka kwa wauza nyama wa Smithfield, vitoto vya mbwa vilivyozama, dagaa waliooza, paka waliokufa, majani ya mboga, vyote vinaserereka pamoja hadi daraja la Holborn. Anasema kila takataka ungeijua mtaa iliyotoka kwa kuitazama na kuinusa.

Anayeishi Dar hahitaji kutafsiriwa hapo. Simama kando ya Msimbazi baada ya mvua ya usiku kucha uone kinachopita: viti vya plastiki, ndoo, godoro, mbuzi wa mtu. Sasa mtu wa London kaamka asubuhi, barabara nzima mizoga ya paka na mbwa, na jana yake haikuwepo. Atasema nini kama si kwamba imenyesha?

#10 Chumvi Mbichi
Hii nimeielewa. Ndiyo asili. Funga uzi.

#11 Shangazi Dokta
Wewe Chumvi una haraka ya kufunga nyuzi, umeacha ugali jikoni?

Habari ya Swift ni kweli, shairi lipo. Lakini ukilisoma hakuna mahali anaposema imenyesha paka na mbwa. Wanabebwa na maji, hawaanguki toka juu. Na msemo ulishaandikwa zaidi ya miaka hamsini kabla yake. Henry Vaughan, mshairi wa Wales, mwaka 1651 anawasema wachuuzi wa mnadani wanaotamani paa litakalokinga bidhaa zao na mbwa na paka wanaonyesha kama mvua. Machinga wa Wales, yaani, wanalilia turubai.

Angalia pia mpangilio, mbwa ndio wametangulia.

#12 Kijana wa Tandale
Nyote mnapotea, hayo ni maneno ya Shakespeare. Karibu misemo yote ya Kiingereza katunga yule mzee.

#13 Shangazi Dokta
Mwanangu, Shakespeare alifariki 1616 na msemo huu haumo kwenye tamthilia zake wala mashairi yake. Huyo mzee anabebeshwa kila kitu kisicho na mwenyewe.

#14 Daftari la Zamani
Shikamoo Shangazi. Niongeze hapo kwenye miaka ya 1650, maana kuna kisa kitamu na sioni watu wakikisimulia.

Mwaka 1653 ilichapwa tamthilia ya kuchekesha ya Richard Brome, mwandishi wa London. Ndani yake yumo mwalimu mmoja anaitwa Sarpego, mtu wa kujishaua, kila akifungua mdomo anachomeka Kilatini na Kigiriki ili watu wamwone msomi. Mahali fulani anatabiri kwamba dunia itafurika wajinga, kisha anasema itanyesha "dogmata polla sophon". Hicho ni Kigiriki, maana yake ni kama mafundisho mengi ya wenye hekima. Halafu papo hapo anakigeuza: mbwa na vicheche! Sikilizeni sauti yake. "Dogma" kaigeuza mbwa wa Kiingereza, "polla" kaipeleka kwa yule mnyama wao wa jamii ya kicheche, "polecat", ambaye jina lake kwa Kiingereza lina paka ndani yake.

Kwa hiyo katika mojawapo ya maandishi ya mwanzo kabisa tuliyonayo, msemo unatoka kinywani mwa mwalimu anayechezea maneno jukwaani, na watazamaji wanacheka. Hakuna nyasi, hakuna Odin, hakuna mtaro.

#15 Mzuka wa Mwembeni
Au watazamaji walicheka kwa sababu msemo wa paka na mbwa walikuwa wanaujua tayari, yeye akaupindisha. Mzaha wa aina hiyo haunogi kama hujui unachopindishwa. Mtu akipanda jukwaani leo akasema "haraka haraka haina mkate", tunacheka kwa sababu baraka tunaijua.

#16 Daftari la Zamani
Hilo siwezi kulikataa.

#17 Ssebo wa Jinja
Nawasalimu kutoka Uganda. Nimesoma kwamba neno lenyewe ni "catadupe", neno la kizamani la maporomoko ya maji, na lilianza kutumika kwa maporomoko ya Mto Naili. Waingereza wa kawaida wakalisikia vibaya, wakaligeuza paka na mbwa. Naili inaanzia wapi? Hapa Jinja. Kwa hiyo mvua ya paka na mbwa ni mali yetu, tutawatoza.

#18 Maji ya Jangwani
Taratibu ssebo. Maporomoko waliyoyajua Wagiriki na Warumi ni ya kule Aswan na Nubia. Mzungu wa kwanza kuandika kwamba aliiona Naili ikitoka ziwani ni Speke, mpelelezi wa Kiingereza, mwaka 1862, na msemo ulikuwa na miaka mia mbili. Deni lenu wapelekeeni Wamisri.

Ila nadharia yenyewe inachekesha. Mkulima wa Uingereza alilisikia wapi hilo neno la vitabuni hata akosee kulitamka?

#19 Mama Bati
Jamani mnazunguka mbali. Mimi naona ni kelele tu. Mmeshawahi kulala nyumba ya bati bila siling'i, mvua ya masika ikashuka ghafla? Huwezi kumsikia mtu aliye kando yako. Ni vurumai kama paka na mbwa wamefungiwa chumba kimoja. Hao wanyama ni maadui tangu dunia iumbwe, na Waingereza watu wakigombana wanasema wanaishi kama paka na mbwa. Kwa hiyo mvua yenye ugomvi.

#20 Fundi Mapaa
Dada, hoja ya ugomvi naipenda, ila bati liondoe. Bati la migongo lilipewa hataza London mwaka 1829, ni la mhandisi Henry Palmer. Kabla ya hapo Waingereza wa kawaida walikuwa na nyasi, vigae na mbao. Mvua kwenye nyasi haipigi kelele, hata ikiwa ya mafuriko unasikia kama mtu anapepeta mchele.

#21 Mama Bati
Basi walifungiwa kwenye mbao. Ugomvi ni ugomvi.

#22 Mlowezi wa Cardiff
Nasoma uzi huu niko Wales, na leo mvua ni ile ile. Wenyewe kwa Kiwelisi hawana paka wala mbwa. Wanasema inanyesha vikongwe na fimbo. Nilipoambiwa kazini mara ya kwanza nilidhani natukanwa.

#23 Kaka wa Stellenbosch
Vikongwe na fimbo? Mkuu umenishtua. Huku Afrika Kusini wanaosema Kiafrikana wana bibi vizee na marungu! Wales na hapa ni bahari nzima. Nani alimpa nani?

#24 Yaya wa Lubumbashi
Jambo bandugu. Kwa Kifaransa wanasema inanyesha kamba. Lakini sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, hivyo mtu wa mjini hapa atakuambia "drache", ni neno la huko Ubelgiji la mvua ya kumwagika, na Bujumbura na Kigali wanalo pia. Hatuhitaji mnyama.

#25 Mlowezi wa Cardiff
Kuna orodha ndefu. Wajerumani nyuzi, Waholanzi mirija ya kiko, Wahispania mitungi, Wareno visu vya kukunja, Wagiriki miguu ya viti, Wacheki matoroli, na Wadenmaki (hapa shikeni viti) wanafunzi wa fundi viatu. Na Wamarekani wana mvua ya uma za shambani, zile za kugeuzia majani makavu.

Sasa aniambie mtu: wanafunzi wa fundi viatu nao walikuwa wamelala juu ya nyasi? Watu wanatafuta kitu kizito, kigumu, kisichotegemewa kudondoka toka mbinguni, wanakitupa kwenye sentensi. Kazi yake ni kustaajabisha. Mimi sioni kwa nini paka na mbwa wadaiwe hadithi wakati matoroli hayadaiwi.

#26 Shangazi Dokta
Mlowezi umenena. Ila nyuzi, kamba na mirija zinafanana na mvua yenyewe, unaziona zikishuka. Mitungi inamwaga maji. Paka hafanani na mvua hata kidogo, ndiyo maana watu hawatulii.

#27 Nyavu za Musoma
Mnasahau kwamba wanyama kweli wananyesha. Ziwani hapa tunaona mkia wa wingu unashuka mpaka majini, unazunguka na kurusha manyunyu juu. Ukiwa kwenye mtumbwi unaomba Mungu usikugeukie. Dagaa wakinyanyuliwa si lazima waangukie mahali? Na huko Honduras kuna mji unaitwa Yoro, watu wanasherehekea kila mwaka mvua ya samaki.

#28 Kijana wa Tandale
Samaki na vyura sawa, wadogo hao. Wewe umeshaona mbwa koko wa kilo ishirini ananyanyuliwa na wingu? Akitua kwa mtu ni msiba.

#29 Nyavu za Musoma
Sijasema nimeona mbwa. Nimesema njia ipo.

#30 Mwalimu Chaki
Naomba niwatetee walimu wenzangu maana naona vema ya kule juu inasimangwa chinichini. Tunafundisha misemo kwa sababu mtihani unaipenda. Mtoto akichomeka miwili mitatu kwenye insha, msahihishaji anaona lugha ipo. Nimesahihisha miaka mingi, na nawaambia hakuna insha ya mvua isiyokuwa na paka na mbwa, kama ambavyo hakuna insha ya harusi isiyokuwa na mtu aliyevaa akapendeza kupita kiasi. Mengine ni mvua ya saa nane mchana Dodoma mwezi wa nane!

#31 Maji ya Jangwani
Mwalimu, kwa hilo turudi kwa Swift, safari hii kwa jambo ambalo halina ubishi. Mwaka 1738 alitoa kitabu cha kejeli, kimejaa mazungumzo ya mabwana na mabibi wa London wanaorushiana misemo iliyochakaa wakidhani ni werevu. Humo ndimo mtu anaposema bwana fulani atakwenda tu, hata akijua itanyesha paka na mbwa. Maana yake mwaka 1738 msemo huu ulikuwa umeshazeeka kiasi cha kuchekwa. Nyinyi mnaupigia vema hadi leo.

#32 Mlowezi wa Cardiff
Na hapa kazini sijamsikia kijana hata mmoja akiutumia. Nilipoutumia mimi, bosi wangu akaniambia naongea kama babu yake.

#33 Mwalimu Chaki
Babu yake alifaulu mtihani.

#34 Binti Kisauni
Kwani Kiswahili hatuna chetu cha wanyama kwenye mvua? Kwetu jua likiwaka huku mvua inanyesha, watoto tulikuwa tunapiga kelele "fisi anazaa!"

#35 Kijana wa Tandale
Fisi? Ni simba anazaa. Dar nzima ni simba.

#36 Binti Kisauni
Simba azae kwenye manyunyu ya dakika tano? Ni fisi. Waulize Wakikuyu, Wakamba, wote wakwambie fisi.

#37 Kaka wa Stellenbosch
Huku Wazulu wanasema ni harusi ya tumbili.

#38 Mlowezi wa Cardiff
Na Wajapani ni harusi ya mbweha. Kumbe duniani kote jua na mvua ni shughuli ya wanyama, ama ndoa ama uzazi.

#39 Fundi Mapaa
Na hakuna grupu la wazazi lililoleta maelezo kwamba mbweha walikuwa wanafungia ndoa juu ya paa.

#40 Bint Maskati
Mnabishania mvua nyinyi mnayo. Huku Oman ikitangazwa tu, shule zinafungwa, watu wanatoka na magari kwenda kutazama wadi, yaani mabonde ya mito mikavu, zikijaa, na polisi wanawafukuza. Mwaka 2007 kilipopita kimbunga Gonu hatukutamani tena kutazama.

#41 Kalamu ya Risasi
Ahsanteni wakuu, nimesoma yote. Naona nyasi zimekufa. Mimi nabaki na Sarpego, ingawa Mzuka pale #15 kanitia shaka.

#42 Mzuka wa Mwembeni
Na Odin hajafa. Nitarudi na ushahidi.

#43 Pazia la Ilala
Wageni tuulize: mbona hakuna aliyegusa ile ya Kigiriki kwamba ni "kata doksa", ati kinyume na matarajio? Yaani mvua isiyotarajiwa, wao wakasikia paka na mbwa.

#44 Daftari la Zamani
Karibu. Nimeshaikuta mara nyingi, na kila mara inakuja bila mtu mmoja aliyewahi kuandika hayo maneno mawili akizungumzia mvua, si kwa Kigiriki wala kwa Kiingereza. Sarpego angeipenda sana.

#45 Chumvi Mbichi
Kwa hiyo ni simba au fisi?